Damu Yetu Ilivyoifunza Dunia

Msafiri atokaye Voi kwenda Wundanyi hupita kando ya mashamba ya katani hadi Mwatate, kisha gari huanza kupanda na masikio huziba kidogo. Kule chini, penye stesheni ya reli na barabara kuu ya Mombasa, watu hulala ndani ya vyandarua. Huku juu watu hujifunika mablanketi mawili. Watu wa Taita wameijua tofauti hii tangu zamani. Wazee walioishi katika vilima vya Dawida, Saghala na Kasighau waliteremka nyikani kulima, kuwinda na kuchunga, nao walijua kwamba anayelala huko aghalabu hurudi na homa. Hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na ramani ya maradhi vichwani mwao, na ramani hiyo ilikuwa sahihi.

Nimeanza na safari hii fupi kwa sababu katika tofauti hiyo ya mlima na tambarare mna ufunguo wa ugunduzi mkubwa wa sayansi ya karne ya 20, tena ugunduzi uliofanywa kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki. Jambo la kusikitisha ni kwamba wanafunzi wetu wengi hawajui hivyo. Hivi majuzi nilialikwa Voi kuzungumza na walimu wa shule za upili juu ya istilahi za sayansi katika Kiswahili. Baada ya mazungumzo, mwalimu mmoja wa biolojia alisimama akasema kwamba kwa miaka mingi amefundisha mada ya urithi katika kidato cha nne, na kila afikapo kwenye ugonjwa wa selimundu wanafunzi wake huamini kwamba huo ni ugonjwa wa Wamarekani Weusi. Wanaukariri kwa ajili ya mtihani, kisha wanausahau. Akauliza: "Je, hatuna mfano wa karibu?"

Swali hilo lilinirudisha kwa mtu mmoja ambaye sijapata kumsahau. Nilipokuwa katika shule ya msingi, katika shule ambayo sitaitaja, nilikaa dawati moja na mwenzetu aliyekuwa na macho ya manjano na miguu myembamba. Siku za baridi alilia kwa maumivu ya mifupa. Mwalimu wa michezo alimhesabu kuwa mvivu, na siku ya mbio za nyika alimchapa mbele yetu kwa kufika wa mwisho. Likizo ya Agosti ilipokwisha, mwenzetu hakurudi. Watu walinong'ona kwamba ukoo ule una deni lisilolipwa. Mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kuzika mtoto mwingine kabla ya huyo, ndiye aliyebebeshwa lawama zaidi ya wote. Nilipoingia chuo kikuu, rafiki yangu aliyesomea udaktari alinisomea orodha ya dalili kutoka katika kitabu chake, nami nikamtambua mwenzangu wa dawati katika kila mstari.

Basi mfano wa karibu tunao, na nitausimulia kwa kirefu.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, lakini alikulia Kenya, katika shamba la baba yake huko Gilgil, kwenye Bonde la Ufa. Alikuwa mtoto wa walowezi, na hilo hatuna haja ya kulificha. Alipenda ndege na mimea, na Louis Leakey, yule mchimbuzi wa mabaki ya binadamu wa kale, alikuwa miongoni mwa waliomwashia hamu ya kujua asili ya mwanadamu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford kusomea udaktari.

Kufikia wakati huo, wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kukusanya mambo kadhaa juu ya ugonjwa huu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimepinda mfano wa mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California waliichukua himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu na kuipa rangi yake nyekundu, wakaipitishia umeme. Himoglobini ya mgonjwa ilisafiri kwa mwendo tofauti na ile ya mtu mzima wa afya. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu ulipofungamanishwa na hitilafu ya molekuli ya protini. Mwaka huo huo ikathibitika pia kwamba ugonjwa hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili: mtoto anayepokea jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua, na anayeipokea kwa mzazi mmoja tu huishi bila ugonjwa ila huweza kumrithisha mwanawe.

Hapo palibaki kitendawili. Katika siku zile, watoto wengi walioupata ugonjwa wenyewe walikufa kabla ya kuzaa. Kila mtoto aliyekufa alizikwa na nakala mbili za jeni hiyo. Kwa hesabu ya kawaida, ilipasa jeni hiyo iwe adimu kama meno ya kuku. Mbona basi ilijaa katika baadhi ya jamii za Afrika?

Mwaka 1949 Allison, akiwa bado mwanafunzi, alifuatana na wenzake wa Oxford katika msafara wa kwenda Mlima Kenya. Wengine walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za Kenya, akazichanganya na kemikali inayoondoa oksijeni, kisha akazitazama kwa hadubini aone kama chembe zingepinda. Alichokiona hakikufuata kabila wala lugha. Karibu na pwani ya Bahari Hindi na kandokando ya Ziwa Viktoria, kulikuwa na jamii ambamo zaidi ya watu 20 kati ya kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu na katika sehemu kavu, hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Msomaji aliyewahi kupanda gari kutoka Voi hadi Wundanyi amekwisha kulitambua jibu. Ramani ile ilikuwa ramani ya mbu. Allison akakisia kwamba mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria, na kwamba katika nchi ya malaria kinga hiyo inafidia hasara ya watoto wanaokufa kwa ugonjwa. Haki inanitaka niseme kwamba hakuwa wa kwanza kuhisi kitu. Mwaka 1946 daktari E. A. Beet, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikuwa ameona kwamba watu wenye chembe hizo walikuwa na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wengine. Lakini kuona ni jambo moja, na kujenga nadharia kisha kuijaribu ni jambo jingine.

Allison alimaliza kwanza masomo yake ya udaktari, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari. Mjini Nairobi aliwapata wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wenye nakala moja ya jeni na 15 wasiokuwa nayo, wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wale wasiokuwa na jeni, 14 walionekana na vimelea. Kati ya wale wenye jeni, ni wawili tu. Kisha akaenda Uganda, akawapima watoto 290 wa Kiganda. Watoto 43 walikuwa na jeni hiyo, na 12 kati yao walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28 hivi. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, vimelea vilipatikana kwa 113, yaani asilimia 46 hivi. Hatimaye alipima maelfu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na ramani ya mwaka 1949 ikazidi kuwa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Nataka kutua hapa kidogo. Makala zile zimesomwa na kunukuliwa duniani kote, na jina la mwandishi liko katika kila kitabu cha biolojia ya mageuzi. Wale wanaume 30 hawana majina. Walikubali kutiwa homa ambayo kila mmoja wao alijua inaua, katika miaka ambayo Mwafrika hakuwa na nafasi kubwa ya kumwambia Mzungu "la". Sisemi kwamba walilazimishwa, kwa kuwa imeandikwa kwamba walijitolea. Nasema tu kwamba jaribio kama lile, kwa taratibu za leo, lingepita mbele ya kamati za maadili, na kila mmoja angepewa maelezo kwa lugha yake na karatasi ya kutia sahihi. Tukumbuke pia kwamba hizo zilikuwa zama ambazo hofu ya mumiani ilienea tangu pwani hadi bara, na mtu mwenye sindano na chupa alitazamwa kwa jicho la shaka. Pamoja na hayo yote, maelfu ya watu walinyoosha mikono yao. Mwalimu anayefundisha habari za Allison na asiwataje watu hawa huwa amefundisha nusu tu ya somo.

Sasa niingie katika protini yenyewe, na msomaji aniwie radhi nikitumia zana za taaluma yangu. Sisi wanaisimu tunayo mazoea ya kuweka maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, kama "pata" na "bata". Sauti moja ikibadilika, kitenzi kimegeuka ndege. Protini nayo ni mfano wa neno refu, ila badala ya sauti ina asidi amino zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine. Mnyororo wa aina hii ya pili una asidi amino 146. Kati ya mwaka 1956 na 1957, Vernon Ingram wa Cambridge aliikata himoglobini vipandevipande na kuvilinganisha, akagundua kwamba tofauti yote kati ya himoglobini ya kawaida na ile ya selimundu imo katika asidi amino moja, ile ya sita katika mnyororo huo. Mahali palipostahili kuwa na asidi ya glutamiki pana valini.

Badiliko hilo dogo lina matokeo makubwa, kwa sababu asidi ya glutamiki hupatana na maji ilhali valini huyakimbia. Himoglobini iliyokwisha kuachia oksijeni yake hutafuta mahali pa kuificha valini hiyo, nayo hujishikiza kwa himoglobini jirani, na hiyo kwa nyingine, mpaka zinafanyika fito ndefu ngumu ndani ya chembe. Chembe iliyokuwa laini na ya mviringo hupinda. Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka. Tena huvunjika upesi: chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, na hii huishi siku 10 hadi 20 tu. Kutokana na kuvunjika huko mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa manjano. Mwenzetu wa dawati hakuwa mvivu. Alikuwa akikimbia kwa damu isiyomtosha.

Katika mtu mwenye nakala moja tu, himoglobini za aina mbili huchanganyika, na chembe zake hazipindi katika maisha ya kawaida. Lakini kimelea cha malaria kinapoingia ndani ya chembe kama hiyo, mambo huwa mengine: hakistawi vyema, na mwili hupata nafasi ya kuziondoa chembe zilizovamiwa. Namna hasa kinga hiyo inavyofanya kazi bado inachunguzwa, lakini kwamba ipo hakuna tena ubishi. Utafiti uliofanywa Kilifi, mwendo wa nusu siku kutoka Voi, na kuchapishwa mwaka 2005 na Thomas Williams na wenzake, ulionyesha kwamba watoto wenye nakala moja hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Allison alikuwa hai kuyasoma matokeo hayo.

Hapa pana kosa ambalo nimelisikia hata kwa walimu, nalo ni la hatari. Wengine husema: "Mwenye selimundu hapati malaria." Sivyo hata kidogo. Anayekingwa ni yule mwenye nakala moja. Mwenye nakala mbili, yaani mgonjwa mwenyewe, akipata malaria huwa katika hatari kubwa kuliko mtoto mwingine yeyote, na ndiyo sababu hospitali zetu humpa dawa ya kuzuia malaria na kumsisitizia chandarua. Mzazi wa Voi au Taveta anayeambiwa vinginevyo anaweza kumpoteza mtoto wake.

Kwa wanazuoni, kazi ya mwaka 1954 ilikuwa na uzito wa namna ya pekee. Tangu Charles Darwin achapishe kitabu chake mwaka 1859, mifano ya uteuzi wa asili ilichukuliwa zaidi kwa ndege, nondo na mimea. Allison alionyesha uteuzi huo ukifanya kazi katika binadamu, kwa sababu inayojulikana, katika protini inayojulikana. Alionyesha pia kwamba jeni haiitwi nzuri wala mbaya mpaka uulize inaishi wapi. Pia alizipunguzia nguvu fikra za rangi, kwani jeni hiyo hupatikana vilevile Ugiriki, Bara Arabu na India, popote malaria ilipokaa kwa muda mrefu, na hukosekana kwa Waafrika wengi wa nyanda za juu. Ndugu zetu wa Oman wanaujua ugonjwa huu kama tunavyoujua sisi.

Na kama mwalimu wangu wa Voi anataka ushahidi ulio karibu zaidi, naona historia imemwekea mlangoni. Taveta ni nchi ya chemchemi na vinamasi, yenye mto Lumi na Ziwa Jipe, na mbu hawajapata kupungukiwa na makao huko. Katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi yaliyopigana Salaita mwezi Februari 1916 na kuendelea kusini yaliteketezwa na maradhi kuliko risasi. Kisha, katika miaka ile ile ambayo Allison alikuwa akichapisha makala zake, Taveta na eneo jirani la Upare likawa uwanja wa mradi mkubwa wa malaria wa mwaka 1954 hadi 1959. Kuta za nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini. Aina moja ya mbu wa malaria ilikaribia kutoweka kabisa, ugonjwa ukapungua sana na vifo vya watoto vikapungua. Upuliziaji ulipokoma, malaria ilirudi polepole. Wazee wa Taveta waliokuwa watoto wakati huo wapo hadi leo. Sijui somo gani la biolojia linaloweza kushinda lile la mwanafunzi anayekwenda kumuuliza bibi yake juu ya watu waliokuja kupulizia kuta.

Maisha ya Allison hayakuishia katika himoglobini, ingawa umma humkumbuka kwa hiyo. Aliendelea kuzisoma protini za damu kwa njia ile ile ya kuuliza watu wanatofautianaje. Mwaka 1961 yeye na Baruch Blumberg walichunguza damu ya mgonjwa aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Walidhani kwamba mtu wa namna hiyo, akiwa amepokea protini za watu wengi, atakuwa ametengeneza kingamwili dhidi ya zile zisizofanana na zake, na ndivyo ilivyokuwa. Blumberg aliendelea na njia hiyo, ikamfikisha kwenye protini ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni ya virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na chanjo iliyotokana na ugunduzi huo ndiyo wanayopewa watoto wetu wachanga. Allison hakupewa tuzo hiyo.

Mwaka 1978 alirudi Nairobi kuwa mkurugenzi wa maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, iliyoshughulika na ndigana kali na ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Wafugaji wa ranchi zinazopakana na Tsavo hawahitaji kuelezwa mbung'o ni nani. Hakukaa sana. Alihamia California kufanya kazi katika kampuni ya dawa pamoja na mkewe, Elsie Eugui, naye mwanasayansi. Huko walitafuta njia ya kuizuia protini moja, kimeng'enya ambacho chembe za kinga hukitegemea ili ziongezeke, wakaipata katika dutu ambayo Mwitaliano Bartolomeo Gosio aliitoa mwaka 1893 katika kuvu la mahindi yaliyoharibika. Dawa iliyotokana na dutu hiyo, mikofenoleti, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na hutumiwa na watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo ya mgeni. Nikiyaona mahindi yenye kuvu katika ghala humkumbuka Gosio, ingawa simshauri mtu ayale. Allison alifariki California mwaka 2014.

Je, ugunduzi ule umewafaa nini watu waliotoa damu? Kwa miaka mingi, kidogo sana. Dunia ilijifunza mageuzi kwa damu yetu, na watoto wetu waliendelea kuzikwa chini ya minong'ono. Mambo yameanza kubadilika. Hospitali ya Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya Afrika, pamoja na vya Angola, Kongo na Uganda, vilivyoijaribu dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wenye selimundu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na hata vifo. Ni kidonge, na si cha ajabu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayorekebisha jeni za mgonjwa mwenyewe, ambayo bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kila mwaka watoto zaidi ya 300,000 huzaliwa na ugonjwa huu duniani, wengi wao barani Afrika. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa sasa, kinachoweza kumfikia mtoto wa Voi kesho asubuhi ni mambo madogo: kupimwa mapema, penisilini akiwa mchanga, dawa ya kuzuia malaria, maji ya kunywa kila mara, sweta siku ya baridi, na mwalimu anayejua. Mwalimu huyo anapaswa kujua kwamba mtoto mwenye macho ya manjano anayeomba kukaa kivulini hamdanganyi. Anapaswa kumruhusu kwenda msalani mara nyingi, kwa kuwa anakunywa maji mengi na figo zake hazihifadhi maji vyema. Anapaswa kuwaambia wazazi kwamba jeni ilitoka kwa baba na kwa mama kwa kiasi sawa, na kwamba wazazi wawili wenye nakala moja moja, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hapo pana hesabu tu. Hapana deni la ukoo wala kosa la mama.

Nirejee Voi. Baada ya kuyaeleza haya kwa ufupi, niliwapendekezea walimu wale neno "selimundu", ambalo wenzetu wa Tanzania wamelizoea na ambalo naliona limeundwa vizuri: seli iliyo na umbo la mundu. Ukumbi ukacheka. Mwalimu yule wa biolojia akanikumbusha, kwa adabu, jambo ambalo mimi mwanaisimu nilipaswa kulifikiria kabla ya kupanda jukwaani. Katika Kidawida, "mundu" ni mtu. Ni hivyo pia kwa Wakamba na Wakikuyu, ambao watoto wao wamejaa katika madarasa ya Voi. Mwanafunzi wake akisikia "selimundu", kwanza husikia seli ya mtu. Na mundu wenyewe, kile chombo cha kukatia nyasi, wengi wao hawajapata kukishika, kwa kuwa nyumbani hutumia panga.

Nilimjibu kwamba neno limekwisha kuenea na si vyema kulipindua, na kwamba mwalimu anaweza kuja na mundu darasani siku ya somo. Hilo alilikubali. Lakini alikuwa na swali jingine, ambalo sikuweza kulijibu. Tumwite nani yule mwenye nakala moja ya jeni, asiyeumwa, ambaye damu yake ndiyo iliyomfundisha Allison? Vitabu vingine humwita "mbebaji". Mwalimu alisema neno hilo humfanya kijana ajione ana mzigo, ilhali kwa nyakati za malaria alichobeba ni ngao. Mwenzake mmoja akapendekeza "mwenye nusu", na mwingine akapinga kwamba hakuna mtu apendaye kuitwa nusu. Tulibishana mpaka magari ya jioni ya kwenda Taveta yakaanza kuita abiria. Walimu na wanafunzi mnaosoma safu hii, hasa mlio na neno katika lugha zenu za nyumbani, niandikieni.